Padre Aliyetaka Kuwa Mwizi

Dada yangu wa nyumba ya pili alinitangulia katika kila kitu isipokuwa kuzaliwa. Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi kwa mikayi, yaani mke wa kwanza, naye kwa mke wa pili. Ule muda mfupi niliomzidi ulikuwa mali pekee ambayo hakuweza kumwomba Baba akapewa, na niliutaja kila nilipopata nafasi.

Sisi tulikaa dala, nyumbani kwenyewe, nje kidogo ya Awasi, penye udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Wao walikaa Nyamasaria, kwenye barabara ya kuingia Kisumu. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama mjini, kwa hiyo siku za kazi alilala Nyamasaria, na mwisho wa juma alikuja kwetu. Alikuja kama hakukuwa na mvua, kama hakukuwa na kazi ya ziada, na kama dada yangu hakuwa na malaria. Sijapata kuona mtoto wa kuugua Ijumaa kama yule.

Nilimwonea wivu, na sikuuficha. Baba alimfundisha kusoma gazeti kwa sauti huku akimrekebisha Kiingereza. Wakati wa likizo alimruhusu kukaa viti vya nyuma mahakamani amsikilize akitafsiri, halafu binti anakuja dala na maneno kama "rufaa" na "ushahidi wa kuambiwa," anayatumia juu ya nani kamaliza sukari. Mimi Baba akifika aliniuliza, "Ng'ombe wamekunywa?" Nikisema wamekunywa, mazungumzo yetu yamekwisha mpaka wiki ijayo.

Kwa hiyo nilipopata kitu ambacho dada yangu hakuwa nacho wala hajawahi kukisikia, nilikishika kwa mikono miwili.

Nilikuwa shule ya bweni upande wa Maseno, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mzungu mmoja wa kujitolea, aliyetufundisha hesabu, alianzisha chama cha mchezo Jumamosi alasiri kwa wale tuliochoka kutazama mpira. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao. Kila mchezaji alibuni mtu wake na kumpa kazi: askari, mchawi, mwizi au padre. Askari anapigana, mchawi anaroga, mwizi anafungua kufuli, padre anaomba na kuponya. Mtu mmoja hachezi, yeye ni mwamuzi. Anawaeleza wenzake mahali walipo na kilicho mbele yao, nao wanasema watafanya nini, kisha dadu zinarushwa kuona kama wamefaulu. Kila safari ina alama zake, na alama zikitosha mtu wako anapanda daraja. Pakitokea jambo ambalo hakuna anayelijua, mwamuzi anaamua, na akishaamua imekwisha.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyonishika. Nilibishana na yule mwalimu kila Jumamosi juu ya sheria, mpaka mkataba wake ulipokwisha akaniachia sanduku zima, kitabu na dadu, akisema huenda nikapumzika nikiwa mimi ndiye wa kubishiwa.

Mama aliponikuta barazani nikirusha zile dadu kwenye mkeka na kuzisoma, alisimama na beseni kichwani.

"Nani amekufundisha kupiga gagi?"

Gagi ni zile simbi anazorusha mganga akitafuta nani kamroga nani. Dadu zetu hazikuwa za nyuso sita tu kama za ludo. Nyingine zilikuwa na nyuso nane, nyingine ishirini, na kwa mtu wa kanisa kama Mama hazikuonekana kuwa na nia njema. Nilimweleza kwamba ni mchezo wa shule. Akauliza kama mwalimu ameokoka. Nikasema ndiyo, jambo ambalo sikulijua. Basi akaweka mkono juu ya sanduku, akaliombea dua ndefu, na tangu siku hiyo sanduku nalo lilikuwa limeokoka, likaruhusiwa kulala ndani.

Krismasi ile nyumba ya pili walikuja dala kama kila Desemba. Lakini safari hii kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka. Baba alikuwa anastaafu mwaka uliofuata. Akiisha kutoa funguo za ofisi, kitanda chake kitaenda wapi? Kwa desturi hilo si swali, mtu akimaliza kazi ya mjini anarudi dala, kwa mikayi. Ndivyo baba yake alivyofanya, ndivyo majirani wote walivyofanya. Mama alikuwa ameshapiga sakafu ya sebule kwa saruji na kupaka madirisha rangi ya buluu, na kwenye kona alikuwa ameweka kiti cha mbao chenye mto mpya, ambacho hatukuruhusiwa kukikalia. Lakini Nyamasaria kulikuwa na umeme na bomba la maji. Na kulikuwa na dada yangu. Nilikuwa nataka Baba arudi kwetu kuliko nilivyotaka kupita mtihani wowote, na sikuwa na pa kuomba ila kule alikoomba Mama.

Mvua za alasiri zilitufungia barazani, ndipo mchezo ukaanza. Nilikuwa mwamuzi. Wachezaji walikuwa wawili, mdogo wangu wa tumbo moja na dada yangu. Mdogo wangu alikuwa askari. Kila mara alikuwa askari, na kila nilipomuuliza anafanya nini alisema anapiga. Dada yangu alichagua padre.

Nilijua wazi kwamba hataweza. Mambo yale ya mapango na mazimwi yalikuwa yangu, nilitoka nayo Maseno. Baada ya siku chache padre wake alikuwa anawabatiza majambazi. Nikimletea fisi wenye vichwa viwili, anauliza kama vichwa vyote viwili vina njaa, halafu anavigombanisha. Mdogo wangu alicheka hadi akalala chini. Kisha akaanza kumuuliza yeye la kufanya, badala ya kuniuliza mimi. Baba, ambaye kwa kawaida mvua ikinyesha alilala, alisogeza kiti chake karibu na mlango.

Hilo la kiti liliniuma. Nilikuwa nimekaa na sanduku lile barazani Aprili yote na Agosti yote, na Baba hakuwahi kuuliza ndani kuna nini.

Basi nikachora kisiwa katikati ya ziwa, na juu ya kisiwa ngome, na kwenye ngome mlango mmoja wa chuma wenye kufuli. Askari hawezi kuuvunja, nimeshasema ni chuma. Padre akiomba, kufuli haina masikio. Mlango ule ulitaka mwizi, nao hawakuwa na mwizi. Nilitaka wakae pale nje, kwenye mawe, mpaka waniombe.

Dada yangu aliutazama mlango wangu kwenye karatasi kwa muda.

"Padre wangu anataka kujifunza wizi," akasema.

Mama alikuwa kando yetu, yeye na mama mdogo, yaani mama yake dada yangu, wakibambua njugu kwenye ungo mmoja. "Padre gani anaiba?" Mama akauliza.

"Wako wengi," mama mdogo akasema. "Unataka nikutajie?"

Nilisema haiwezekani. Dada akasema kwa nini, mtu si anaweza kuwa na kazi mbili, hata mwalimu wa shule ya msingi pale sokoni anauza dagaa. Nilijua kwamba kwenye kitabu inawezekana, na nilijua kitabu kinasema nini juu yake, kwa sababu ukurasa ule nilikuwa nimeusoma Maseno na kuuchukia. Kwa hiyo sikukifungua. Nilitoa uamuzi wangu mwenyewe, kwa sauti ambayo ilifika kwenye kile kiti cha mlangoni.

"Sawa, unaweza kuwa padre na mwizi. Lakini padre alikuja kwanza. Kila alama utakayopata ni ya padre, mpaka ashibe apande daraja. Itakayobaki ndiyo ya mwizi. Na mwizi hawezi kumpita padre hata siku moja."

Hakuna mtu wa dala yetu aliyehitaji kuelezwa hiyo sheria imetoka wapi. Msimu wa kupanda ukifika, mikayi ndiye anayetupa mbegu ya kwanza ardhini, wa pili anafuata. Kuvuna ni vivyo hivyo. Mwaka mmoja mvua zilikuja ghafla Mama akiwa na homa, na mama mdogo, aliyekuwa ametoka Nyamasaria na mbegu zake kwenye mfuko, alikaa na mfuko mapajani siku nzima mpaka Mama alipoinuka, akashikiliwa mkono, akatupa punje zake shambani. Mama mdogo hakulalamika. Mtu anayeruka zamu analeta balaa kwa nyumba zote mbili, na yeye alilijua hilo kama sisi.

"Sasa hiyo mwizi itafungua mlango lini?" dada yangu akauliza. "Si tutazeeka hapo nje?"

"Mtangoja."

"Na kitabu inasema aje?"

"Wacha kitabu. Mwamuzi ni mimi."

"Kitabu haisemi hivyo, bro. Nilisoma jana ukiwa umepeleka ng'ombe."

"Nani alikuazima?"

"Hakuna. Nilichukua tu. Si nimekuambia najifunza wizi."

Mdogo wangu akacheka, na Baba akacheka. Huyo Baba wa kucheka nilikuwa namsikia kwa mbali tu, nikiwa Nyamasaria kwa shughuli fulani, kupitia ukuta.

Kisha dada yangu akainuka na kitabu mkononi, akaenda kusimama mbele ya kile kiti. "Nakata rufaa," akasema.

Ungemwona Baba wakati ule. Alikuwa mtu aliyefanya kazi ya kusema maneno ya watu wengine kwa miaka yote niliyomjua. Mwizi akisema "mimi nilikuwa nimelala," Baba anasema "mimi nilikuwa nimelala." Hakimu akisema "nakufunga," Baba anasema "nakufunga," kwa Kiswahili au kwa Dholuo, bila kupandisha wala kushusha. Alijivunia hilo. "Mimi ni mdomo tu," alipenda kusema, "ukinikasirikia umekasirikia hewa." Sasa mtu amemletea rufaa nyumbani kwake. Alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya shati, akasimama. Hakuweza kutafsiri akiwa amekaa.

Nilitaka kusema jambo. Nilijua kilichokuwa kwenye ukurasa ule na yeye hakujua. Lakini nilinyamaza, na nikiulizwa leo kwa nini nilinyamaza, nitasema nilitaka asome.

Alianza kwa ile sauti ya mahakamani, sentensi moja ya Kiingereza chinichini, kisha Kiswahili kwa wote. Pale alipoona Mama ameinua uso kutoka kwenye ungo, akaongeza na Dholuo, ili asikose neno.

"Mtu mwenye kazi yake ya kwanza, akiamua kuchukua kazi ya pili, ataiweka ya kwanza kando." Akageuza kwa Dholuo. "Hataitumia tena kwa wakati huo." Dholuo. "Ataanza hiyo ya pili kutoka chini, kama mtu mpya. Na hataruhusiwa kurudi kwa ile ya kwanza, mpaka ya pili iwe imekua na kuizidi."

Nilikuwa namtazama usoni. Nadhani alielewa mahali fulani kati ya "kando" na "kurudi." Sauti haikubadilika, kazi yake haikumruhusu. Lakini kidole alichokuwa akifuatia mistari kilisimama, kisha kikaendelea polepole. Mama mdogo alikuwa ameacha kubambua. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, na hata hivyo nilisikia kila neno.

"Na akiirudia ile ya kwanza kabla ya wakati," Baba akamalizia, "chochote alichopata siku hiyo hakitahesabiwa."

Akakunja miwani.

Mama alikuwa na njugu mkononi. Aliibambua, akaitupa kwenye ungo, akauliza kwa upole sana, "Na hiyo ya kwanza, ikiwekwa kando, inafanya nini?"

Dada yangu, ambaye alikuwa na kipaji cha kujibu maswali ya watu wengine, akainama kwenye kitabu. "Inakaa tu, Mama. Haipotei. Bado ni yake."

"Haipotei," Mama akasema.

"Haipotei."

"Adier, kweli kabisa. Basi huyo mzungu aliyeandika hiyo kitabu alikuwa na mabibi wawili."

Aliyecheka kwanza alikuwa mama mdogo. Alijaribu kujizuia kwa kiganja, akashindwa, na Mama naye akaangua, wakaegemeana mabega pale juu ya ungo, njugu zikimwagika. Sikupenda. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote Mama aseme jambo lile mbele ya Baba, na aliposema, alilisema kama mzaha, na mwenzake wa kucheka naye akawa yule yule. Hata machozi walifuta kwa leso moja.

Baba alinipa kitabu. "Mwamuzi ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Basi amua. Mimi nimetafsiri tu."

Ni jambo la mkalimani lile, kukuletea moto hadi mlangoni na kukuachia. Nilisimama. Nilikuwa mrefu kumshinda kidogo, na ndipo nilipogundua hilo. Sikumtazama dada yangu ingawa kesi ilikuwa yake.

"Hiyo ni sheria ya kwao," nikasema. "Kwenye dala hii ya kwanza inatangulia. Ya pili haiwezi kuipita. Nimemaliza."

Mdogo wangu alitazama miguu yake. Baba alitia miwani mfukoni, akakaa, akageuza uso kuangalia mvua. Nilingoja. Nilikuwa nimemwambia jambo zito kuliko yote niliyowahi kumwambia, na kwa jinsi alivyokaa ungedhani nimemwambia ng'ombe wamekunywa.

Nilimgeukia dada yangu nikitumaini angalau yeye atagomba.

"Sawa," akasema. "Imeamuliwa, imeamuliwa." Akachukua kifutio, akafuta alama alizokuwa ameshampa mwizi wake, akazihamishia kwa padre. Kisha akakaa, akavuta karatasi yenye mlango wangu. "Padre anabisha hodi."

"Nini?"

"Mlango. Anabisha. Ndani si kuna walinzi? Anawaambia amesikia kuna mgonjwa."

Niliangalia ramani yangu. Walinzi walikuwepo, nilikuwa nimewachora mwenyewe. Nilimwambia arushe dadu ile ya nyuso ishirini, nikaomba aangushe moja. Ilisimama kwenye kumi na tisa. Ikabidi niseme kwamba mlinzi mmoja ana jino bovu wiki nzima, na anamfungulia padre mlango kwa mikono yake. Mdogo wangu alipiga kelele na kumkumbatia dada yetu. Baba alicheka mpaka akatoa miwani tena, akaifuta, ingawa hakuwa na cha kusoma. "Yaani alibisha tu," akawa anarudia. "Alibisha hodi."

Nilishinda rufaa siku ile. Sikuwahi kushinda kitu kikanipa ladha mbaya mdomoni namna ile.

Baada ya sikukuu walirudi Nyamasaria, nami nikarudi shule. Barua za nyumbani hazikusema lolote juu ya kitanda cha Baba, na sikuuliza. Likizo ya Aprili dada yangu hakuja, alikuwa na masomo ya ziada mjini, na Baba alikuja mara moja tu, akaangalia sakafu ya saruji, akasema ni kazi nzuri. Mama alimwonyesha kiti. Alikikalia kidogo, akainuka, akasema anawahi gari. Jioni ile Mama aliukung'uta mto vumbi ambalo halikuwepo.

Alistaafu katikati ya mwaka, na likizo ya Agosti ilinikuta nyumbani. Siku moja adhuhuri tulisikia lori likiguruma kwenye njia ya kutoka barabara kuu. Njia ile haipiti lori isipokuwa limekuja kwako. Mama alitoka jikoni na mikono ya unga. Lilipokata kona nikaona juu yake kitanda cha chuma, kabati, meza, redio imefungwa kwa blanketi. Mama alipiga kigelegele, wa jirani wakaitika, na mdogo wangu akakimbia kufungua lango.

Nami nilikimbia. Nilikuwa nimeshinda. Uamuzi wangu wa barazani, ule uliomfanya Baba ageukie mvua, ulikuwa umemwingia na kukaa ndani miezi yote hiyo, na sasa umemrudisha. Niliamini hivyo kutoka mlangoni hadi langoni, na sijawahi kuwa na furaha kama ya hatua zile.

Mlango wa lori ukafunguka, na aliyeshuka kwanza alikuwa dada yangu. Alikuwa amekaa katikati, kati ya dereva na Baba. Alimsalimu Mama kwa mikono miwili, akaanza kuwaelekeza watu kitanda kipite wapi, nyumbani kwetu.

Tulibeba kabati pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Katikati ya uwanja alisema tupumzike, tukaliweka chini.

"Alikuwa ashapanga kubaki Nyamasaria," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hata kitanda ilikuwa ishaingia bedroom kwetu."

"Sasa?"

"Nikamwambia ile kesi iliamuliwa. Ya kwanza inatangulia. Nikamwambia mimi nilitii, na yeye atii."

"Akasema?"

"Alicheka, bro. Akasema kama binti yangu amekubali hukumu, mimi ni nani. Halafu akatuma mtu atafute lori." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Mamangu alilia kidogo. Lakini alisema ni sawa. Hata yeye alikuwa anaogopa watu wa huku watasema nini."

Aliniangalia, nadhani akingoja nimshukuru. Alikuwa ametoa baba kutoka nyumbani kwake, akamleta kwangu juu ya lori, na alikuwa na haki ya kungoja. Lakini mimi nilikuwa nahesabu jambo jingine. Maneno yale niliyasema mimi, nimesimama, mbele yake, na akageuza uso. Yeye aliyarudia tu, huenda akiwa anamenya viazi, na lori likaja. Nilimwambia tuinue kabati.

Dada yangu alilala kwetu usiku mmoja, kesho yake akarudi kwa mama yake. Mama alikuwa akiimba nyimbo za kanisani tangu alfajiri, akizichanganya beti, na aliwapikia kuku dereva na makuli kana kwamba ni maharusi. Kile kiti cha kona kilipelekwa barazani, kikapata mwenyewe. Kila kitu nilichokuwa nimekitaka kilikuwa pale, kimepangwa mahali pake, kina miwani mfukoni.

Alasiri moja, wiki ile ile, wingu lilifunga upande wa ziwa na mvua ikaanza. Mama alikuwa ameenda kanisani, mdogo wangu sokoni. Tulikuwa wawili, Baba na mimi. Nilikaa kwenye mkeka muda fulani, kisha nikaenda ndani, nikaleta sanduku. Nilipanga dadu moja moja. Baba aliziangalia, akajiinua kidogo kwenye kiti.

"Hii mchezo yenu," akasema. "Ningetaka kujaribu."

Nilichonga penseli. Nilimwambia anaweza kuwa chochote anachotaka, askari, mchawi, mwizi, padre, hata mbili kwa pamoja kama anapenda, nitamtafutia njia. Nilikuwa tayari kumvunjia kila sheria niliyowahi kuiweka. Nikasema tunaweza kuanza sasa hivi, wawili tunatosha.

Baba alichukua ile dadu ya nyuso ishirini, akaizungusha kwenye vidole akitafuta ile kumi na tisa.

"Dada yako anakuja lini?"

"Jumamosi, labda."

"Tumngoje," akasema, akairudisha dadu kwenye sanduku.